Bomba la kisima limeliwa vishimo, chini ya ute kweusi tii

mchimba_maji: Wakuu, nimevuta bomba la chuma kisimani, lina ute wa rangi ya chungwa, ukiukwangua chini yake kweusi, kunanuka mayai viza na chuma kimetoboka. Kutu gani hii wakati kule chini hakuna hewa?

kemia_mtaani: Bakteria hao mkuu. Wa juu kina Gallionella wanatumia chuma kilichoyeyuka kwenye maji wanaacha huo ute, sasa chini ya ute oksijeni inaisha ndo wanaingia kina Desulfovibrio, hawa hewa hawaitaki kabisa, wanachukua salfeti ya kwenye maji wanatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndo hiyo harufu, ikikutana na chuma inakuwa hicho cheusi.

baharia77: Hata Titanic huko mita kama 3,800 chini inatafunwa, 2010 walitangaza bakteria mpya aliyetolewa kwenye kutu yake, Halomonas titanicae 😂

mchimba_maji: Kwa hiyo nimwage klorini?

kemia_mtaani: Peke yake haitoshi, ute unawakinga wa chini. Sugua kwanza. Ila mimi ningeweka tu bomba la plastiki niachane nao.