Maji ya kisima yana chumvi, mashine inadhani mboga zimeshiba

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum jamaa. Nasomesha teknolojia ya habari chuoni, na utafiti wangu ni haidroponiki, yaani kilimo cha maji bila udongo, ya ndani ya nyumba inayojiendesha kwa vihisi. Nimefunga moja kwa mama hapa Langoni, chumba cha chini kisichofika jua: mabomba ya PVC, taa za LED, pampu ndogo na bodi ya ESP32, kompyuta ndogo inayosoma pH (kipimo cha asidi), joto la maji na EC (jinsi maji yanavyopitisha umeme, dalili ya wingi wa chumvi na mbolea ndani yake). EC ikishuka chini ya 1.4, mbolea inaingia yenyewe.

Sasa, maji ya kisima chetu yanasoma 1.5 kabla ya tone la mbolea. Mashine haiingizi mbolea yoyote. Majani ya chini ya saladi yamekuwa manjano, na nikipandisha kiwango hadi 2.5, kingo zinaungua. Joto la maji mchana ni nyuzi 30. Jambo hili linaniuma, maana mboga zetu zavuka kwa boti kutoka Mokowe, bara. Bahari ikichafuka zinafika zimelala na bei imepanda. Nifanyeje bila kununua mtambo wa kuchuja chumvi?

Bi Mkulima, Malindi

Waaleikum salaam mwanangu. Kihisi chako ni kizima. EC ni jumla ya chumvi zote, kihisi hakitengi nitrati ya mbolea na chumvi ya bahari. Mmea unakunywa maji na kula mbolea, sodiamu nyingi ya ile chumvi inabaki tangini, nawe kila ukijaliza kwa maji ya kisima unaiongeza. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua: utaanza na kama 0.75, kisha tia mbolea hadi 1.8. Na tangi limwage lote mara kwa mara, usiwe wa kujaliza tu. Mchicha utakuvumilia, saladi ni laini mno kwa chumvi.

Fundi Jabia

Maji ya mvua ya jabia la zamani, birika la kuhifadhia maji, yapime pH kwanza. Kuta zilipakwa chokaa, na chokaa hupandisha pH. Ikipita 6.5 mmea unaanza kukosa chuma: utaona majani machanga manjano, mishipa ikibaki kijani. Hayo ya chini unayosema ni njaa ya nitrojeni.

Ila mimi naogopa zaidi hizo nyuzi 30. Maji ya moto hayashiki hewa, mizizi inageuka kahawia, inateleza ukiishika na inanuka. Tangi livike gunia bichi, liweke penye upepo wa dirisha, na utie pampu ya hewa kama ya samaki wa mapambo.

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Nashukuru sana Bi, na wewe fundi. Programu naibadilisha leo: ipime maji matupu kwanza, mbolea ihesabiwe juu ya hapo, na ijumlishe lita ninazojaliza ili inionye wakati wa kumwaga. Pia EC hupanda kwa karibu asilimia 2 kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo vipimo vyote nitavihesabu kana kwamba maji yana nyuzi 25. Gunia mama ameshalilowesha.

Kuna mtu Mkomani ambaye jabia lake bado lina maji ya masika? Naomba chupa moja tu nikapime, nitaifuata mwenyewe baada ya alasiri.