Tangi linavuja kupitia matundu ya hewa hata baada ya kubadilisha oringi

moshi_mwepesi
Wakuu, habari za humu. Naombeni msaada. Tangi langu la vepu (sigara ya kielektroniki) ni la kujazia juu, ujazo mililita 5, matundu ya hewa yako chini. Koili (kile kichwa chenye pamba kinachochoma juisi) ni ya wavu, 0.4 omu, imeandikwa wati 50–60, lakini naiendesha kwa wati 35 ili batri isiishe haraka. Juisi ni 50/50, yaani nusu VG (gliserini, nzito) na nusu PG (propilini glikoli, nyepesi). Nikijaza jioni na kuliacha limesimama, asubuhi kuna kidimbwi chini ya pete ya hewa (ile ya kufungua na kufunga matundu). Nikivuta linakoroma na kutema juisi ya moto. Oringi za kioo (pete za mpira za kuziba) nimebadilisha zote mbili, kioo hakina ufa, koili ni mpya. Nini kimebaki?

Wavu04
Juisi hiyo ni nyepesi mno kwa koili hiyo. Koili ya chini ya omu 1 ina matundu makubwa ya kuingizia juisi, inataka VG 70 kwenda juu. 50/50 iache kwa koili za omu 1 na kuendelea, zile za kuvuta kama sigara. Na hizo wati 35 zinakuumiza: pamba inapokea juisi kuliko inavyochomwa, ziada inashuka kwenye njia ya hewa. Ndiyo hiyo inayokoroma. Anza na wati 50.

fundi_oringi
Aliyosema Wavu04 ni kweli, ila hayamalizi. Juisi nyepesi na wati ndogo vinaeleza kukoroma. Kidimbwi cha usiku kucha, tangi likiwa halijaguswa, kwa kawaida ni hewa inayoingia juu.

Kinachozuia juisi isimwagike si pamba peke yake. Pamba inapofyonza juisi, nafasi iliyo juu ya juisi inabaki na ombwe dogo, na hilo ndilo linaloishikilia juisi isishuke. Ukivuta, hewa kidogo inapenya kwenye pamba na unaona viputo vinapanda kutoka kwenye koili. Hiyo ni kawaida. Sasa sili ya kifuniko ikipitisha hewa, hata kidogo sana, ombwe halikai. Uzito wa juisi unaisukuma kupita pamba, inaingia bomba la kati na kutokea matundu ya hewa. Watu wanaona maji chini, wanahangaika na oringi za chini, kumbe mlango uko juu.

Pima hivi. Likiwa na juisi, futa tangi lote kwa nje likauke, fungua kutoka kwenye mashine yenye batri, funga pete ya hewa, kisha ligeuze kichwa chini juu ya tishu nyeupe kwa dakika 20 au 30. Tishu ikilowa usawa wa kifuniko, sili ya kifuniko au ya tundu la kujazia imekufa. Ikilowa ukingoni mwa kioo, oringi ya kioo haijakaa. Tishu ikibaki kavu, lisimamishe wima muda huohuo, na safari hii angalia ni wapi hasa panaanza kulowa: ukingo wa chini wa kioo, au ndani ya tundu la hewa.

Ikitoka ndani ya tundu la hewa, toa koili uitazame. Ina oringi yake ndogo, moja au mbili kutegemea aina. Mara nyingi inajikunja wakati wa kuingiza, inabaki imepanda upande mmoja. Ipake tone la juisi kabla ya kuingiza. Usitumie mafuta ya kujipaka, hayo hayafai kuvutwa mapafuni. Koili za kusukumwa zisukume mpaka ziguse mwisho. Za thredi kaza kwa vidole tu. Ukikaza kwa koleo, oringi inabanwa mpaka inatoka kwenye mfereji wake, na unakuwa umetengeneza uvujaji mpya.

PambaKavu
Naongezea namna ya kujaza, maana hapo wengi ndipo wanapofurisha koili bila kujua. Kifuniko kinaposhuka kinakandamiza hewa iliyo juu ya juisi, na hewa hiyo inaisukuma juisi ndani ya koili. Kwa hiyo:

1. Funga pete ya hewa kabla ya kugusa kifuniko.
2. Jaza, acha nafasi ya milimita 3 hivi juu. Ncha ya chupa isielekee bomba la kati.
3. Funga kifuniko haraka. Usiliache wazi huku unatafuta kitu kingine.
4. Geuza kichwa chini, fungua pete ya hewa, kisha rudisha wima.

Hatua ya 4 wengi wanairuka. Likiwa limegeuzwa, kinachosukumwa kupita koili ni hewa, si juisi.

Koili ikishafurika usiendelee kuvuta kwa nguvu, unazidisha. Toa tangi, zungushia tishu chini, pete ya hewa ikiwa wazi puliza kwa nguvu kupitia kidomo (sehemu ya kuvutia) mpaka matone yaishe. Kausha kiunganishi cha chini na kile cha kwenye mashine, juisi ikiingia humo inaharibu vya ndani. Rudisha, bonyeza sekunde 2 mara tatu nne bila kuvuta.

moshi_mwepesi
Nimepima. Kichwa chini, tishu imelowa kwenye kifuniko, upande wa bawaba. Nikiangalia kwa tochi, sili ya silikoni kwenye tundu la kujazia ina mkwaruzo mdogo. Chini ya kioo pakavu.

fundi_oringi
Basi umempata mwizi. Ncha ya chuma ya chupa ndiyo hukwaruza sili hizo. Tafuta sili ya modeli hiyohiyo, hii haina umbo la duara la kawaida. Kuigeuza upande wa pili inaweza kukusaidia kwa muda kama pande zote zina umbo moja. Gundi usiweke.

Oringi za kawaida ukihitaji siku nyingine, pima kipenyo cha ndani na unene, vyote kwa milimita. Nyembamba haibani, nene inazuia kioo kukaa sawa. Kifuniko kikifungwa, oringi isionekane imechomoza nje.

Wavu04
Na kama kuna anayesoma hapa mwenye tangi la plastiki badala ya kioo: juisi za mdalasini na za jamii ya limau hupasua polikaboneti. Mipasuko huanza kama utando wa buibui, hewa inapita humo, na hakuna oringi itakayokuokoa.

PambaKavu
Moja kuhusu hicho kidimbwi cha asubuhi: kama juisi ina nikotini, usikifute kwa kidole. Inapita kwenye ngozi. Tumia tishu, kisha nawa kwa sabuni, na tishu zenyewe zisiachwe wanapofika watoto au wanyama.

moshi_mwepesi
Nimeagiza sili. Juisi ya 70/30 nayo, na wati nimepandisha 52. Kukoroma kumeisha, ila mpaka sili ifike nalitoa juisi usiku.