Parkinson ya baba: kwa nini zife seli zile tu, na kwa nini uzeeni?

MwalimuHombolo

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Baba yangu ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo, Dodoma, umri miaka sabini na kitu. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vilianza kusuguana vyenyewe akiwa ametulia, kisha mkono mzima ukaanza kutetemeka. Daktari mjini alisema ni Parkinson. Amepewa levodopa (ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini) yenye karbidopa, na sasa anaweza kushika tena mkasi wa kupogolea. Dawa inafanya kazi, nashukuru.

Ninachotafuta ni kingine. Nafundisha baiolojia sekondari, na jibu la "dopamini imepungua", yaani ile kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe nayo, halinitoshi. Imepungua kwa sababu seli zinazoitengeneza zimekufa. Zimekufa kwa nini? Ubongo una niuroni, yaani seli za neva, karibu bilioni 86. Kwa nini ziondoke za kijieneo kimoja kidogo katikati ya ubongo, na kwa nini mpaka mtu azeeke?

Na siulizi kwa udadisi tu. Shangazi zangu wameshapata wa kumlaumu: jirani yetu, mama mmoja waliyegombana na baba kwa ajili ya mpaka wa shamba muda mfupi kabla mkono haujaanza. Sasa hivi hakuna anayemsalimia. Mimi nimepitia daftari la mauzo ya zabibu, ambalo baba huandika kwa mkono wake. Mwandiko unaanza kusinyaa misimu mingi kabla ya ugomvi huo: neno la kwanza la mstari lina herufi za kawaida, la mwisho limebanana hadi halisomeki. Mama naye anasema baba aliacha kusikia harufu zamani sana, mboga ilikuwa inaungua yeye yupo palepale jikoni hana habari. Je, hayo yote ni ugonjwa huuhuu? Na dawa za shambani zinahusika? Tangu ujana ametembea na bomba mgongoni.

Niuroni_Dom

Mwalimu, pole sana kwa mzee. Nilisomea seli za neva kwenye uzamili, niruhusu niandike kwa kirefu kidogo.

Seli zilizokufa ziko kwenye ubongo wa kati, sehemu iitwayo sabstanshia naigra, yenye rangi nyeusi hata kwa macho. Tatizo lake ni ukubwa wa kazi. Niuroni moja ya pale inakadiriwa kuwa na miunganisho zaidi ya milioni moja, na matawi ya uzi wake wa kupelekea ujumbe ukiyajumlisha unapata mita kadhaa. Ni sawa na transfoma moja kulisha umeme Dodoma nzima, kuanzia Nkuhungu hadi Mtumba. Isitoshe, hailali. Inajipigia mapigo yenyewe usiku na mchana, na kila pigo huingiza kalsiamu ambayo ni lazima isukumwe nje kwa kutumia nishati. Kwa hiyo mitokondria zake, yaani vituo vya nishati vya seli, zinafanya kazi karibu na kikomo muda wote, na mitokondria ikikazwa hivyo huvujisha molekuli kali za oksijeni zinazochoma protini na mafuta ya utando. Dopamini yenyewe ikitoka kwenye vifuko vyake huoksidika na kuongeza sumu hiyohiyo.

Sasa umri. Mitokondria ikiwa nzima, protini iitwayo PINK1 huingizwa ndani na kukatwakatwa. Ikiharibika, PINK1 hukwama kwenye utando wa nje na kuiita protini nyingine, Parkin, ambayo huibandika alama ya kwamba hii iondolewe. Kifuko kinajijenga kuizunguka na kuipeleka kwenye lisosomu, tumbo la seli la kuyeyushia taka, ikameng'enywe. Jeni ya Parkin ilitambuliwa 1998 na ya PINK1 2004, kwa kuchunguza familia ambazo watu wake waliugua wakiwa bado vijana. Yaani usafi huu ukivunjika tangu kuzaliwa, ugonjwa hausubiri uzee. Kwa mzee wa kawaida haujavunjika, umepungua kasi. (Wanafunzi wako watapenda hili: Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyepata Nobel 2016 kwa kufumbua jinsi seli inavyokula taka zake yenyewe, alifanya kazi hiyo kwenye hamira.)

Seli ya ngozi ikilemewa na taka hugawanyika, au inakufa na nyingine inachukua nafasi. Niuroni haina njia hiyo. Zile alizonazo mzee leo ni zilezile alizokuwa nazo utotoni, na kisichosafishwa kinabaki humohumo.

Kinachobaki zaidi ni alfa-sinukleini, protini ambayo ikikunjwa vibaya huzifanya nyingine zijikunje vilevile. Mafungu yake yaliandikwa na Friedrich Lewy mwaka 1912, lakini yametengenezwa na nini haikujulikana hadi 1997. Jambo lililonishtua mimi nikiwa mwanafunzi ni hili: kuna wagonjwa waliopandikizwa niuroni changa ubongoni, na walipofariki zaidi ya miaka kumi baadaye, ripoti za 2008 zilionyesha mafungu yaleyale ndani ya baadhi ya seli zile changa. Inadhaniwa yalihamia kutoka seli za mgonjwa.

Kuhusu daftari na harufu: ndiyo, yote ni ugonjwa huohuo. Mwandiko kusinyaa ni dalili inayojulikana. Kupoteza harufu, kufunga choo, kupiga kelele na kurusha mikono usingizini, hizo huweza kutangulia mtetemo kwa miaka mingi. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli zile zimeshakwenda, makadirio mengi yanataja nusu au zaidi. Ugomvi wa mpaka uliotokea muda mfupi kabla hauna nafasi kabisa kwenye hesabu hii.

Dawa za shambani: mwaka 1982 huko California vijana kadhaa walijidunga dawa ya kulevya iliyochafuliwa na kemikali iitwayo MPTP, wakaganda kama wenye Parkinson ya miaka mingi. Kemikali hiyo huziba hatua ya kwanza ya kutengeneza nishati ndani ya mitokondria. Rotenoni, kiuadudu, huziba hapohapo. Parakwati, kiuagugu, huzalisha zile molekuli za oksijeni. Zote mbili zimehusishwa na Parkinson kwa watu waliozitumia. Salfa ya ukungu wa mizabibu si mojawapo ya hizo. Kwa mzee mmoja mmoja hakuna anayeweza kuapa kwamba chanzo ni bomba, ila wanaopulizia sasa wavae barakoa na glavu, wasipulizie kuelekea upepo.

MwanaKondoa

Asante mkuu, umenifungua. Mama yangu ana Alzheimer, anatuita kwa majina ya wadogo zake waliokwisha kufa. Huko nako ni taka hizihizi? Na kuna mzee kaniambia mbegu za upupu zinatibu Parkinson, mwalimu unaweza kujaribu.

Niuroni_Dom

Pole ndugu yangu. Protini ni nyingine, mwenendo unafanana. Alois Alzheimer alieleza mwaka 1906 vitu viwili ambavyo bado ndivyo tunavyovitafuta: mabaka nje ya seli, ambayo ni amiloidi, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli, ambazo ni tau. Tau kazi yake ya kawaida ni kushikilia reli ambazo mizigo hupitia kwenye uzi wa niuroni. Ikibanduka, usafirishaji unakwama. Sehemu inayoandika kumbukumbu mpya ni kati ya zinazoanza kuumia, ndiyo maana mama anawakumbuka wa zamani kuliko wa leo.

NesiMstaafu

Upupu wasiuguse bila daktari. Ni kweli mbegu zake zina levodopa, na zilijaribiwa kwa wagonjwa huko Bolivia, matokeo yakachapishwa 2017. Ila kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na mzee tayari anameza levodopa. Atazidisha. Pia hazina karbidopa, inayozuia dawa isigeuzwe kabla ya kufika ubongoni, hivyo kichefuchefu kinaweza kuwa kikali.

Mwalimu, dawa apewe nusu saa kabla ya kula. Nyama, maharage na maziwa hugombea mlango uleule wa kuingilia na levodopa, tumboni na ubongoni. Asiikatishe ghafla hata siku moja. Na akitapika, mwambieni mhudumu ana Parkinson kabla hajapewa metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika, maana inaziba palepale dopamini inapofanyia kazi. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, vilevile. Nimeona wazee wakiganda kitandani kwa sababu hakuna aliyeuliza.

MwalimuHombolo

Nesi, hilo la metoklopramaidi nimeliandika kwenye jalada la kadi yake kwa kalamu nyekundu. Niuroni_Dom, Mungu akubariki. Shangazi mkubwa anakuja Jumapili kutoka Chamwino, nitamwekea daftari mbele aone mwandiko mwenyewe kabla sijasema neno. Mama jirani nimeshakwenda kumsalimia, tukaongea hadi jioni. Limebaki moja: mdogo wangu anauliza kama na sisi tutaupata.

Niuroni_Dom

Wagonjwa wengi hawana jeni moja unayoweza kuinyooshea kidole. Mzazi akiwa nao, uwezekano wa mtoto hupanda kidogo juu ya watu wengine, lakini watoto wengi hawaupati. Ingekuwa mzee aliugua kabla ya miaka 40, au ndugu zake kadhaa wanao, ningesema mwende kwa daktari wa mishipa ya fahamu mzungumze habari za jeni. Kwa alivyoanza yeye, mwambie mdogo wako afanye mazoezi na akipulizia shamba avae glavu.