Mrejesho: pistoni ya Honda TRX250, standadi au ovasaizi?

Wakuu, asanteni. Niliuliza ninunue pistoni saizi gani, standadi (ya kiwandani) au ovasaizi (kubwa kidogo), kwa ATV (pikipiki ya magurudumu manne) inayotoa moshi wa bluu. Vipimo vimeamua: silinda ya milimita 68.5 imeliwa upande mmoja, na ovasaizi ya milimita 0.25 zaidi isingefuta mikwaruzo. Nimechukua 0.50.

Pistoni inunuliwe kwanza Kariakoo, kisha fundi achonge silinda kwa kufuata kipimo halisi cha pistoni hiyo, siyo namba ya boksi. Hapa wengi wanaharibu: nafasi kati ya pistoni na silinda ikibana, pistoni ikipata moto inakwama. Ringi nazo zipimwe mwanya wa ncha zikiwa ndani ya silinda. Ncha zikigusana zitakwangua ukuta.

Alama ya IN juu ya pistoni itazame upande wa kabureta, klipu za pini ziwe mpya. Filta ya hewa pia iwe mpya, maana mchanga wa Kigamboni ndio ulioila silinda.