Naomba ushauri: mafumbo ya sataranji ya kukimbizana na saa

Wakuu, habari za usiku. Nipo Uyole, Mbeya. Baridi ya mwezi wa saba imenifungia ndani na simu, na ugonjwa wangu mpya ni sataranji.

Natumia Lichess, tovuti ya kucheza sataranji mtandaoni, maana ni bure na haina matangazo. Kila usiku napiga Puzzle Storm, ile ya kutegua mafumbo mengi uwezavyo kwa dakika 3: unaonyeshwa ubao, unatafuta hatua bora. Nilianza na mafumbo 9, sasa nafika 21. Nikajiona fundi.

Jumapili nikacheza na mzee mmoja pale Mwanjelwa, ubao wa mbao, hakuna saa. Farasi wake akatua mraba wa c2, akawatishia mfalme wangu wa e1 na ngome ya a1 kwa mpigo mmoja. Fumbo hilohilo kwenye simu nalitegua kwa sekunde mbili! Ila kwenye simu najua kuna kitu kimefichwa. Ubaoni hakuna wa kunishtua. Mzee akacheka: "Kijana, una haraka ya kwenda wapi?"

Sasa nimenakili mafumbo 100 kwenye daftari. Nataka niyarudie yaleyale: mzunguko wa kwanza wiki mbili, wa pili wiki moja, nikizidi kubana muda. Hofu yangu ni kukariri majibu nikadhani nimeelewa.

Waliopita njia hii, mafumbo 100 yanatosha? Saa niiweke pembeni kwanza? Na nikikosea fumbo, nilirudie palepale au kesho yake? Bando langu ni la kuungaunga, kwa hiyo msinitume YouTube.