Mafundi wa viyoyozi vya motohomu (magari ya kuishi ndani), hii "gesi imeisha" mpaka lini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Kama wewe ni fundi wa viyoyozi vya juu ya paa na maneno haya yatakuuma, basi yanakuhusu.

Kiyoyozi changu kiligoma. Feni inazunguka vizuri tu, lakini kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, ikitakiwa kuingia unasikia mngurumo mzito wa sekunde chache, halafu "tak", kimya. Unasubiri, inajaribu tena: mngurumo, tak. Nikaita fundi. Akapanda paani, hakulegeza hata skrubu moja ya kifuniko, akapenyeza mkono pembeni akashika bomba, akashuka na hukumu yake mkononi: gesi imeisha. Eti atoboe bomba, afunge valvu, ajaze. Nisipotaka hivyo ninunue kiyoyozi kizima kipya, na ajabu ya Mungu, anacho kimoja nyumbani.

Sasa tuelewane. Viyoyozi vingi vya paani hutoka kiwandani vikiwa vimefungwa moja kwa moja, mabomba yamechomewa, hakuna hata mdomo wa kuchomeka geji ya presha. Gesi humo ndani si mafuta ya taa kusema inatumika mpaka inaisha. Inazunguka humo humo miaka nenda rudi. Ikipungua ujue kuna tundu, na penye tundu mara nyingi utakuta kiungo kimelowa mafuta na vumbi limegandia hapo. Ulilitafuta hilo tundu, bwana fundi? Hukulitafuta. Ungejaza gesi ipitie pale pale ilipotokea ya mwanzo. Na hizo valvu zenu za kutoboa nazo zina tabia ya kuvuja, kwa hiyo mtu anaanza na mfumo mzima anaishia na mfumo unaopumua. Tena mashine ndogo namna hii, iwe ya gesi aina ya R-410A au R-32, gesi yake inapimwa kwa mizani kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Haikisiwi kwa kiganja.

Kilichonichefua zaidi ni kwamba dalili zenyewe zilikuwa zinamkatalia. Gesi ikiwa pungufu kompresa INAWAKA. Inavuta ampea chache kuliko kawaida yake, koili ya ndani inapoa au kuganda barafu kipande kimoja tu, hewa inatoka vuguvugu. Yangu haikuwaka kabisa! Kompresa inayonguruma bila kuanza ina watuhumiwa wake wanaojulikana: umeme hafifu, kapasita (kikopo kinachohifadhi chaji ya kuisukuma ianze), kifaa cha kuanzishia, au yenyewe imekwama. Gesi iliingiaje kwenye kesi hii?

Nikatafuta mwingine. Huyu alizima kwanza umeme wote, wa nje, wa jenereta na wa inveta, akafungua kifuniko, akaitoa kapasita chaji kwa rezista (wanaoigusa hivi hivi, shauri yenu), ndipo akapima. Kopo la kapasita lilikuwa limetuna juu, mafuta yamechuruzika ubavuni. Limeandikwa maikrofaradi 40 (kipimo cha uwezo wake), mita ikasoma chini ya nusu. Kwa kawaida hizi zinaruhusiwa kupungukiwa asilimia 5 au 6 hivi, imeandikwa hapo hapo kwenye kopo. Akaweka nyingine, kompresa ikaingia mara moja. Kifaa cha kushikika mkononi kilitaka kunigharimu kiyoyozi kizima.

Hakuishia hapo. Akapima umeme huku kompresa ikivuta, maana voltiji ya mashine iliyolala haikuambii kitu. Kwa mifumo ya volti 120, ikishuka chini ya 105 wakati wa kazi unaiua kompresa taratibu. Kwa ya 230, chini ya 207 hivi anza kuhangaika. Waya mrefu mwembamba wa kuunganishia unatosha kuleta balaa hilo, ndiyo maana kiyoyozi kinakataa kwenye kambi hii na kinafanya kazi kwenye ile, na mafundi wetu bado wanaimba gesi.

Halafu kuna wale ambao kiyoyozi kinawaka ila hakipozi. Kabla hujatoa hela, safisha filta, iache mashine ifanye kazi kama dakika 20, pima hewa inayonyonywa na inayotoka. Tofauti ikiwa nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi, mashine ni nzima na tatizo ni jua, madirisha au paa lako. Ikiwa pungufu, fungua kifuniko cha dari uangalie kizigeu kinachotenga hewa baridi na hewa inayorudi. Mara nyingi utepe wake umebanduka, hewa baridi inanyonywa tena kabla haijafika chumbani, koili inaganda, kompresa inazimwa mapema. Dawa yake ni utepe wa foili na nusu saa ya kuinua shingo. Ni fundi gani aliwahi kukwambia hilo?

Wanaotumia kiyoyozi hicho hicho kupashia joto nao wanaibiwa msimu wa baridi. Unaambiwa valvu ya kugeuza (inayobadili mashine kutoka baridi kwenda joto) imekufa, kumbe nje ni nyuzi 2. Mashine nyingi za paani, nje kukifika karibu nyuzi 4 au 5, hazitoi joto la maana, na zilizo nyingi hazina mzunguko wa kuyeyusha barafu, kwa hiyo zinajizima na kuiachia kazi tanuri, ile hita ya gari. Ijaribu mchana nje kukiwa na nyuzi 10 na kuendelea. Ikileta joto, valvu iko hai.

Na maji yakidondoka ndani, usikubali mtu apake silikoni kuzunguka kitako cha kiyoyozi! Maji ya koili yameundwa kumwagikia paani. Ukiyazibia njia yanatafuta njia ya kuingia kwako. Kagua tundu za kutolea maji, kisha bolti 4 zinazobana gasketi kutokea ndani, maana hulegea kwa mtikisiko wa barabara.

Nasubiri mafundi mnijibu hapa: ukipanda bila mita, unakuwa umepanda kupima nini? Na ambao tayari mmetobolewa mabomba, wekeni picha ya valvu na ya kibandiko. Ila atakayekuja kuniambia "nunua kipya" ataje kwanza kapasita ilisoma ngapi.