UKOO WA BABU ATHUMANI 🌴

*Alhamisi*

18:42 Anti Rukia: Assalaam aleikum familia. Jumapili tunakutana kwa Babu, Majengo, saa sita mchana. Safari hii tunapika chakula kisichompandishia Babu sukari ya damu. Kila nyumba itaje inaleta nini. Naanza mimi: nyama kilo 4 kutoka soko la Burma.

18:43 Anti Rukia: Msijibu "sawa". Tajeni kitu.

19:05 Anti Rukia: Naona watu 17 wameshasoma.

19:06 Jamo: Sawa

19:06 Anti Rukia: Jamo.

19:08 Jamo: Basi naleta chapo 30

19:11 Dada Wambui: Jamo, piga hesabu kwanza. Unga wa ngano kilo moja ukitoa chapati 16, kila chapati imebeba unga gramu 62, na humo wanga ni gramu 45 hivi. Mzee akila mbili ameshafika 90. Kula wanga kidogo kwa kawaida ni kukaa chini ya gramu 130 kwa siku nzima, chai na matunda yakiwemo ndani.

19:12 Jamo: Kwani chapo inahesabiwa na kilo siku hizi 😭

19:14 Mama Fatu: Apewe uji wa wimbi na nduma. Hivyo ni vyakula vya asili, havina shida. Atie asali badala ya sukari.

19:22 Dada Wambui: Mama Fatu, kwa heshima, hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Unga wa wimbi gramu 100 una wanga zaidi ya gramu 70, karibu sawa na wa mahindi. Rangi ya unga haipunguzi wanga. Ukiupika uji mwepesi unashuka tumboni haraka, hauhitaji hata kutafunwa, na mashine ya kupima sukari inaonyesha saa moja tu baadaye. Nduma ya kuchemsha ni gramu 30 na kitu kwa kila gramu 100. Asali kijiko kimoja cha mezani ni gramu 17, nayo ni sukari tupu.

19:23 Dada Wambui: Si kwamba nduma ni sumu. Kipande kidogo, mwisho wa chakula, baada ya mboga na nyama, hakipandishi kama kikiliwa peke yake asubuhi na chai. Mpangilio wa kula una kazi yake. Mboga na protini zitangulie, wanga ufuate.

19:26 Mama Fatu: Sasa asubuhi ale nini, upepo?

19:31 Dada Wambui: Mayai mawili, spinachi au managu ya kukaanga, nusu parachichi. Wanga wote hapo haufiki gramu 10 na shibe inafika mchana. Chai ya maziwa bila sukari. Maziwa nayo yanahesabiwa, gramu 5 kwa kila mililita 100, kwa hiyo kikombe kimoja si kibaya, vitano ni mambo mengine. Omena na mboga pia ni kiamsha kinywa kizuri tu, hata kama hatujazoea.

19:32 Dada Wambui: LAKINI kabla ya menyu, jambo la haraka. Nani anajua Babu anakunywa vidonge gani asubuhi? Kama kimo glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, wanga usikatwe Jumapili kabla daktari hajaangalia dawa.

19:33 Jamo: Omena asubuhi 😂😂 paka wa jirani watahamia kwa Babu

19:33 Fatu: 😂😂😂

19:35 Idi Umoja: Hao paka tayari wako hapo tangu enzi za Bibi

19:36 Anti Rukia: Tuache paka. Mboga nani?

19:40 Idi Umoja: Mboga mimi, nitapita soko la Marikiti alfajiri. Sukuma, managu, terere, kabichi. Ngapi?

19:44 Mama Fatu: Terere na managu uchukue kwa wingi, zikipikwa zinanywea. Na usininunulie managu yenye maua, ni machungu.

19:52 Hassan Duka la Dawa: Jamani mmempita Wambui. Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, awe amekula au hajala. Kipimo cha dawa kilipangwa wakati mzee anakula ugali mchana na usiku. Ukitoa ugali ukaacha kidonge vilevile, insulini inazidi na sukari inaanguka. Na hiyo dawa inakaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mtu mzima au mwenye figo dhaifu, kwa hiyo sukari inaweza kuanguka tena hata baada ya kuinuliwa. Metformini peke yake haina shida hiyo. Wa sindano ya insulini naye ni vivyo hivyo, lazima vipimo vya dawa viangaliwe upya.

19:53 Hassan Duka la Dawa: Na hatuachi wala kupunguza dawa wenyewe. Daktari ndiye anayepunguza. Chakula na dawa vinasogezwa pamoja.

19:55 Dada Wambui: Asante Hassan. Basi nani ana kadi ya kliniki?

20:10 Anti Rukia: Kadi iko kwa Salim, yeye ndiye anampeleka. @Anko Salim

20:11 Anti Rukia: Tukingoja Salim: kila nyumba 500 za stripu (vijiti vya kupimia sukari) na mashine mpya, ile ya zamani betri imekufa. Tuma kwangu.

20:38 Anko Salim: Kwako tena? Kama zile za tangi?

20:39 Fatu: 🙈

20:41 Anti Rukia: Salim, tangi liko pale, nenda ukalitazame.

20:42 Anko Salim: Mfuniko uko wapi?

20:44 Anti Rukia: Mfuniko unajua wewe na aliyekutuma.

20:45 Mama Fatu: Ninyi wawili. Watoto wanasoma.

20:45 *Anko Salim amefuta ujumbe huu*

20:47 Dada Wambui: Anko Salim, kadi. Imeandikwa dawa gani?

21:03 Hassan Duka la Dawa: Kuhusu stripu: msinunue mashine kwa kuwa ni rahisi, tazameni bei ya stripu zake, maana mashine mnanunua mara moja na stripu kila mwezi. Kopo lifungwe mara tu unapotoa moja, unyevu unaziharibu. Tazameni tarehe ya mwisho. Na anayepimwa anawe mikono kwa sabuni na aikaushe. Mtu akishamenya embe kisha akapimwa, tone la damu linachanganyika na utamu wa kidoleni na mashine inasoma 14 (mmol/L) ambayo haipo. Tobolea pembeni mwa kidole, si katikati, kunauma kidogo.

21:06 Idi Umoja: Apimwe lini sasa? Fatu alikuwa anampima usiku tu

21:12 Dada Wambui: Usiku tu haituambii chakula gani kinamharibia. Apimwe kabla ya kula, halafu masaa mawili tangu tonge la kwanza. Andika namba zote mbili na alichokula, kwenye daftari moja. Kabla ya kula, kwa wengi tunatafuta kati ya 4.4 na 7.2. Masaa mawili baadaye, chini ya 10. Kwa umri wa Babu daktari anaweza kulegeza kidogo, hatutaki aishi na sukari ya kushuka. Siku tatu tu za daftari hilo zitatuonyesha kama ni wali unaomharibia au ni ile soda ya Jamo.

21:13 Jamo: Soda ilikuwa moja na tulikuwa wawili

21:15 Dada Wambui: Na kila aliye karibu naye ajue dalili za kushuka. Jasho baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kujibu mambo yasiyoulizwa. Pima. Ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado, rudia. Ikishapanda ale kitu, asiachwe peke yake. Msimpe parachichi wala karanga wakati huo, mafuta yanachelewesha sukari kuingia. Akiwa amezimia usimtie kitu chochote mdomoni, ni hospitali moja kwa moja.

21:17 Dada Wambui: Ndiyo maana nauliza habari ya kadi kwa mara ya tatu.

21:30 Anti Rukia: Pilau. Jumapili bila pilau kwa Babu haijawahi kutokea. Tufanyeje?

21:48 Mama Fatu: Hilo niachieni. Pilau ya koliflawa inaweza kutoka vizuri, wanaoharibu ni wale wanaoipika kama mchele. Koliflawa unaikwaruza kwa greta, matundu makubwa, halafu unaifunga kwenye kitambaa safi unaikamua. Mengine ni pilau ileile: kaanga vitunguu mpaka vishike rangi ya kahawa, tia saumu na tangawizi, bizari nzima, iliki, karafuu, mdalasini. Nyama iwe imeshaiva. Tia nyama na supu kikombe kimoja TU, iache ikauke mpaka uone mafuta yanajitenga. Hapo ndipo koliflawa inaingia. Moto mkali, sufuria pana, dakika tano, unageuza kwa mwiko.

21:50 Mama Fatu: Usifunike. Ukifunika mvuke unarudi ndani, inalainika yote na nyumba inanuka. Chumvi mwisho kabisa, ukiitia mapema inatoa maji. Na viazi msitie humo, mtakuwa mmerudi kulekule.

21:52 Dada Wambui: Mama Fatu 👏🏾 Koliflawa gramu 100 haizidi wanga gramu 5. Wali wa kiasi hichohicho ni 28.

21:53 Hassan Duka la Dawa: Na mchuzi usitiwe unga wa kuufanya mzito. Viungo vya pakiti vina wanga na chumvi nyingi, presha ya Babu nayo tuikumbuke.

21:55 Anti Rukia: Basi hivi: sufuria ndogo ya koliflawa ya Babu, sufuria kubwa ya wali ya sisi wengine. Babu atakaa chumba cha ndani asione wali. Jamo chapati zako utazifunika. Nimemaliza.

21:56 Jamo: Na harufu ya chapo tutaifunika na nini

22:20 Babu Athumani: Nimesoma yote tangu mwanzo. Sufuria ya mgonjwa haitapikwa nyumbani mwangu. Nitakula mnachokula, na ninyi mtakula ninachokula, mezani pamoja. Kama chakula hicho ni kizuri kwangu, wajukuu wangu nao wana damu yangu. Na habari ya tangi isirudiwe hapa.

22:31 Mama Fatu: Ndiyo, Mzee. Tumesikia.

22:31 Idi Umoja: Sawa Babu

22:33 Jamo: Sawa Babu. Chapati siji nazo.

22:40 Anti Rukia: Nisamehe Babu. Itakuwa sufuria moja. Kichwa kimoja cha koliflawa cha karibu kilo kinatosha watu wanne, kwa hiyo Idi chukua sita. Nakutumia pesa sasa hivi.

22:44 Dada Wambui: Shikamoo Babu. Naomba kuuliza, vidonge vya asubuhi ni vipi?

22:52 Babu Athumani: Marahaba mwanangu. Kimoja kikubwa cheupe, kimoja kidogo. Majina anayo Salim.

22:53 Dada Wambui: Asante Babu. Anko Salim, tafadhali.

*Ijumaa*

06:15 Idi Umoja: Niko Marikiti. Koliflawa sita nimepata, nzito, bado nyeupe. Parachichi nimechukua 20, nusu zimeiva, nusu za katikati ya wiki. Na matango ya kachumbari.

06:20 Mama Fatu: Usizioshe kabla ya Jumapili. Funga kwa gazeti.

09:47 Anko Salim: Kadi ninayo. Metformini 500 mara mbili, glibenklamidi 5 asubuhi na jioni. Kliniki ni Jumanne.

09:49 Dada Wambui: Jumanne ni baada ya Jumapili. Anko, unaweza kuwapigia leo? Namba iko nyuma ya kadi. Waulize mambo mawili: kidonge kidogo kipunguzwe vipi akianza kula wanga kidogo, na kama alishapimwa kreatinini, maana tunaongeza nyama na mayai na lazima tujue hali ya figo.

10:02 Hassan Duka la Dawa: Wakiwa hawajajibu, Jumapili asikatiwe wanga ghafla. Hilo msilipuuze.

10:06 Anti Rukia: Lakini Babu amesema sufuria moja.

10:11 Dada Wambui: Iwe moja. Mama Fatu apike koliflawa kama alivyoeleza, na pembeni kuwe na bakuli la wali mezani, anayetaka achote. Kama dawa haijabadilishwa, Babu achote kikombe kimoja, wanga gramu 45 hivi, akile mwisho baada ya mboga na nyama. Dawa ikishapangwa upya ndipo tunapunguza, wiki kwa wiki, daftari likituongoza. Na baada ya kula atembee dakika 15 hadi barabarani na kurudi, miguu inatumia sukari bila kungoja insulini nyingi.

10:13 Mama Fatu: Nani atamwambia habari ya hilo bakuli?

10:40 Anti Rukia: Salim umesoma? Utapiga?

11:25 Anti Rukia: 500 zimefika za nyumba nne. Nyumba nne!

13:58 Anko Salim: Niko Jogoo Road, kuna msongamano. Nitapiga nikifika.

14:01 Dada Wambui: Ijumaa mchana wanafunga mapema, Anko. Piga ukiwa humo ndani ya gari.

16:30 Dada Wambui: Anko?

17:12 Anti Mwanaidi (Nakuru): Poleni jamani nilikuwa sina bando. Jumapili ni saa ngapi? Naleta viazi karai kama kawaida?